Jeti ya Mfanyabiashara wa Chai: Kutoka Port Reitz hadi Kigali

Kampuni ninayoifanyia kazi huuza chai. Hatuilimi wala hatuichumi. Tunainunua mnadani, tunaichanganya kwenye godauni za Shimanzi, kisha tunaijaza kwenye makontena iende Ghuba, Misri na Pakistan. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na leo chai inayonadiwa hapa si ya Kericho na Nandi pekee. Inakuja ya Uganda, ya Rwanda, ya Burundi, ya Tanzania, ya Kongo, hata ya Malawi. Mzigo huteremka pwani kwa malori. Mnunuzi naye, akitaka kuona shamba na kiwanda, hana budi kupanda bara kuufuata ulikotoka.

Ndiyo maana tajiri wetu, mzee wa Mji wa Kale ambaye nyumba ya kwao iko hatua chache kutoka Ndia Kuu, haishi safari. Na safari ya bara kwa mtu wa Mombasa mara nyingi huanza kwa Nairobi. Unakwenda Kigali, unapitia Nairobi. Unakwenda Entebbe, unapitia Nairobi. Ukichelewa ndege ya pili, unalala Nairobi, na mkutano wa saa mbili unakula siku tatu. Mzee alikuwa amechoka. Siku moja aliingia ofisini akaniwekea mezani karatasi yenye majina matano kwa mwandiko wake: CJ3, Phenom 300, PC-24, XLS, Latitude.

"Nataka kujua ipi yatufaa, na kama yatufaa," aliniambia. "Wewe ndiwe mwenye hesabu zetu."

"Ami, mimi ndege nilizopanda ni ya umra na zile za Nairobi za abiria wengi. Hizi hata kwa macho sizijui."

"Basi utazijua. Babu yangu hakununua jahazi asilolipanda."

Babu yake huyo alikuwa na majahazi katika Bandari ya Kale, enzi ambazo vyombo vya Ghuba vilishuka na kaskazi vimebeba tende na mazulia, vikapanda na kusi vimebeba boriti. Kwao husimulia kuwa mtu akiletewa chombo cha kuuzwa, hakuanza kwa rangi wala kwa nakshi za shetri. Aliuliza kinakwenda bandari gani, maji ya huko yana kina gani, na mzigo wake ni nini. Niliyaandika maswali hayo matatu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari langu: bandari, kina, mzigo. Nakwambia kwa dhati, msomaji wangu, katika safari nzima sikukutana na maswali mazuri kuliko hayo ya kuiulizia jeti.

Tukapanga hivi. Siku ya kwanza tungekodi jeti nyepesi, Cessna Citation CJ3, itupeleke Nairobi. Kesho yake tungekodi jeti ya wastani, Citation XLS, itupeleke Kigali na kuturudisha nyumbani jioni ile ile. Ilikuwa Januari, kaskazi imeshika. Baada ya sala ya alfajiri niliaga kwetu Kibokoni. Mamangu alinisindikiza hadi mlangoni, akanishikisha kifurushi cha mahamri, akauliza, "Ndege ya watu saba, mwanangu, ni ndege hiyo?" Sikuwa na jibu la kumtuliza, maana swali hilo hilo lilikuwa moyoni mwangu.

Kutoka kisiwani tulivuka Makupa, tukapenya katikati ya malori ya Changamwe, tukashika barabara ya Port Reitz hadi Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Mizigo ilikaguliwa na vitambulisho vikaangaliwa kama kawaida. Lakini hapakuwa na foleni ya kaunta, hapakuwa na kadi ya kiti, wala sauti ya kutuita kwa kipaza. Palikuwa na mizani.

Rubani mkuu alikuwa dada wa makamo, mpole wa sauti, mwenye shati jeupe lenye mistari minne mabegani. Alituomba mmoja mmoja tupande mizani. Kwetu, kumuuliza mwanamke kilo zake mbele ya watu si adabu, na nadhani aliusoma uso wangu, kwa kuwa alinisogeza kando akaandika mwenyewe bila kuitaja namba. "Mzee, samahani," alimwambia tajiri, "katika ndege kubwa uzito wenu hukadiriwa tu. Hapa kila kilo naihesabu." Baada yetu zilipimwa sanduku za sampuli za chai. Baada ya sanduku, mahamri ya mamangu.

Kupanda ni ngazi chache zilizoshikana na mlango wenyewe. Nikainama. Kabini ya CJ3 ina kimo cha mita 1.45, na ingawa mimi si mrefu, sikuweza kusimama wima mahali popote ndani yake. Tajiri, mrefu na mwenye goti linalomsumbua, alipita huku mkono mmoja umeshika kofia yake na mwingine umeshika viti. Viti ni vya ngozi na vinatazamana, wawili huku, wawili kule, vya ziada nyuma. Ni vizuri kweli. Lakini niliyetazamana naye alikuwa meneja wetu wa mauzo, na magoti yetu yalikaribiana mno kwa watu wasio ndugu, hata nikageuza miguu yangu kuelekea dirishani na kukaa hivyo safari nzima. Choo kiko mkiani, kidogo sana, na faragha yake ni haba. Kwa dakika arubaini hilo si neno. Nilijiuliza lingekuwaje kwa saa tano za kwenda Ghuba, pamoja na wazee na wageni wa heshima, nikaliandika.

Mlango kati yetu na marubani ulikuwa wazi. Sikutegemea jambo hilo lingenifurahisha kiasi kile. Katika ndege zote nilizowahi kupanda, rubani ni sauti tu. Hapa niliona mikono yake, nikaona vioo vya mbele vikijaa barabara ya kurukia, ndefu na nyeupe kwa jua la asubuhi. Ya Mombasa ina mita 3,350. Ndege ilielekezwa kaskazini mashariki, pua ikaukabili upepo wa kaskazi. Mababu walingoja upepo uwape mgongo. Hawa wanautafuta uwapige usoni, kwa kuwa upepo wa mbele huipa ndege nguvu ya kunyanyuka mapema. Ikasukuma. Mgongo wangu ukazama kwenye kiti, na kabla sijamaliza dua niliyoianza tulikuwa juu, na sehemu kubwa ya barabara ile imebaki mbele yetu bila kuguswa.

Halafu kisiwa chote kikaja kwenye dirisha la kulia. Sikuwahi kukiona kizima. Nilijua Kilindini ni huku na Tudor ni kule, lakini kujua kwa miguu na kuona kwa macho ni mambo mawili: maji yamekizunguka pande zote, mashine za bandarini zimejipanga upande mmoja, na upande wa pili, karibu na bahari kuu, paa za Mji wa Kale zimebanana hadi kwenye kuta za Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Niliitafuta nyumba yetu. Kabla sijaipata, ndege ilikuwa imegeuka kushoto kuelekea bara.

Tajiri alinikabidhi kazi ya kuandika, nami niliandika. Kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa angani ni kilomita 420 na ushei. Chini yetu reli mpya, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, ilikata Tsavo. Treni yake hutumia zaidi ya saa tano. Sisi tulikuwa tukila lita kama 600 za mafuta kwa saa, na safari ingetuchukua dakika arubaini hivi. Kilimanjaro ilitokea kushoto, mita 5,895, kilele kiko peke yake juu ya mawingu. Meneja wa mauzo, ambaye tangu Port Reitz hakusema kitu, alisema "Subhanallah", kisha akanyamaza tena.

Tuliteremka juu ya mbuga ya wanyama ya Nairobi. Chini kulikuwa na nyasi na pundamilia, na ghafla tukawa juu ya lami. Breki zilishikwa kwa nguvu kuliko nilivyozoea, mkanda ukanibana kifuani. Nilipotazama nje nilielewa sababu. Barabara za kurukia za Wilson zina urefu wa kama kilomita moja na nusu tu, chini ya nusu ya ile tuliyoiacha nyumbani.

Uwanja wa Wilson ulinipendeza mara ile ile. Jina lake ni la Florence Kerr Wilson, mjane aliyeanzisha kampuni ya ndege ya Wilson Airways hapa Nairobi mwaka 1929. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 1962. Ni mahali pa kazi. Ndege za watalii wa Mara zilikuwa zikipakia mabegi. Ndege za madaktari wa AMREF, shirika lililoasisiwa mwaka 1957, zilikuwa zimeegeshwa tayari kuitwa. Miraa ya Meru imewahi kupitia hapa kwenda Somalia. Mafundi wenye mikono ya grisi walikunywa chai ya maziwa chini ya bawa, na tajiri aliionja, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniambia ni majani ya mashariki ya Bonde la Ufa. Walimwangalia kwa mshangao. Ndiyo kazi yake.

Mchana, jua likiwa kali, rubani yule alinichukua hadi ukingoni tulipoweza kuiona barabara ya kurukia yote. Hapo ndipo nilipopata somo kubwa la safari.

"Tuko mita 1,690 juu ya bahari," alisema. "Hewa ya huku ni nyepesi. Na joto huizidisha wepesi. Ikiwa sasa ni nyuzi 25, injini na mabawa yanahisi kana kwamba yako mita 2,400."

Nikamuuliza maana yake kwa mwenye kununua ndege.

"Vitabu vya matangazo vitakwambia CJ3 mpya inahitaji mita 970 kuruka, ikiwa imejaa. Ni kweli, usawa wa bahari, nyuzi 15. Mombasa lini iliwahi kuwa nyuzi 15? Na hapa Wilson saa nane mchana umbali huo unakua sana. Barabara hairefuki. Kwa hiyo napunguza kitu. Aidha mafuta, aidha watu."

Niliandika neno "kina" na kulipigia mstari. Kumbe kwa jeti, kina cha bandari ni urefu wa lami pamoja na wepesi wa hewa juu yake. Nikaona pia jambo ambalo katika ofisi yetu hakuna aliyelifikiria. Watu wa Mombasa tumezoea kudhani kwamba mambo ya ndege yako Nairobi. Lakini kwa jeti ndogo inayotaka kujaza tangi na kwenda mbali, kwetu ndiko kwenye njia ndefu na hewa nzito. Uwanja mkubwa wa Jomo Kenyatta nao una barabara ya zaidi ya kilomita nne, ila uko juu zaidi ya mita 1,600, na kutoka kwake hadi mjini foleni yaweza kuila ile saa uliyoiokoa hewani.

Kutoka hapo tuliingia kwenye karakana, na fundi mkuu akatupokea. Swali lake la kwanza halikuwa pesa. "Italala wapi?" Tulipomjibu Mombasa, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Basi tengeni fungu la kuiosha." Chumvi. Nani wa Mji wa Kale asiyejua chumvi inavyokula nondo za madirisha? Alituonyesha viungo vya alumini vilivyoanza kufura chini ya rangi katika ndege iliyokaa pwani bila uangalizi. Ndege inayolala kwetu hutaka kuoshwa kwa maji baridi mara kwa mara, injini zake zisafishwe kwa ndani, midomo yake ifunikwe, na ikiwezekana ikae chini ya paa. Hakusema haiwezekani. Alisema ina gharama, na gharama hiyo iandikwe kabla.

Alitueleza mengine ambayo mhasibu yeyote angeyapenda. Injini ya CJ3, iliyotengenezwa na Williams, hufunguliwa na kufanyiwa matengenezo makubwa ikitimiza saa 4,000, kwa hiyo mwenye busara huweka akiba kwa kila saa inayoruka. Marubani hurudi darasani kila mwaka, kwenye mashine za kuigiza safari, mara nyingi ng'ambo. Bima hulipwa ndege iruke isiruke. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, nayo inatofautisha mtu anayejibeba mwenyewe na mtu anayebeba wengine kwa malipo. Tajiri aliyekuwa na wazo la kuikodisha ndege siku asizoitumia alielezwa kwamba hapo anaingia katika biashara nyingine kabisa, yenye cheti chake, ukaguzi wake na watu wake.

Kuhusu majina yaliyobaki kwenye karatasi, fundi alitupitisha kwa mdomo. Phenom 300 ya Embraer wa Brazil ni jeti nyepesi, inakwenda kwa kasi zaidi ya CJ3, na sehemu yake ya mizigo ni kubwa zaidi. PC-24 ya Pilatus, Waswisi, ndiyo aliyoisemea kwa macho yanayong'aa: imejengwa kuweza kutua hata kwenye changarawe na nyasi, na nyuma ina mlango wa mizigo wa mita 1.25 kwa 1.30, unaoweza kupitisha kitanda cha mgonjwa au sanduku zetu zote za sampuli kwa mkupuo. Zote hizo, pamoja na CJ3, zimeruhusiwa kurushwa na rubani mmoja. Latitude ya Cessna ni ya wastani, ina kimo cha mita 1.83 na inakwenda kilomita 5,000 bila kutua. Mpya ya daraja jepesi hugharimu mamilioni ya dola. Latitude inakaribia mara mbili yake. Tajiri hakusema neno. Alikuwa akitazama mlango wa mizigo kwenye picha.

Tulilala South C, karibu na uwanja na karibu na msikiti. Baridi ya Nairobi ya usiku sina la kuisifia.

Asubuhi XLS ilitungoja. Tofauti niliihisi nikiwa bado mlangoni. Kimo ni mita 1.73, nilisimama wima na shungi langu, nikatembea hadi mwisho. Tajiri bado alilazimika kuteremsha kichwa, lakini hakushika viti. Choo kina mlango wa kweli. Viti vinne vya katikati vina nafasi ya kutosha mtu na heshima yake. Marubani hapa lazima wawe wawili, kisheria, na tajiri alilipenda hilo. Alisema hata kama sheria ingemruhusu mmoja, yeye hatapanda na mmoja. Namuunga mkono. Kampuni inayowabeba wenye maamuzi yake yote katika chombo kimoja haina sababu ya kubana mshahara wa mtu wa pili.

Tulitoka Wilson na mafuta ya kutufikisha Kigali na ya akiba, si tangi zima, kwa sababu nilizozieleza. Barabara ilikuwa ikienda mbio chini yetu, na safari hii nilikuwa najua nini cha kutazama. Nilitazama mwisho wa lami ukija. Tulinyanyuka kabla yake kwa nafasi nzuri. Kisha Bonde la Ufa, kisha Mara ya rangi ya dhahabu, kisha Ziwa Viktoria, maji yasiyo na ng'ambo, nikashangaa yalivyotulia. Kwa mtu wa bahari, maji mengi hivyo yasiyokupwa wala kujaa ni jambo la kustaajabisha.

Kilomita 750 hivi, saa moja na robo, na vilima vya Rwanda vikajaa dirishani, kila kimoja kimelimwa hadi kileleni. Uwanja wa Kigali uko mita 1,491 juu ya bahari, ila barabara yake ina mita 3,500, basi rubani hakuwa na presha. Saa yangu ilikuwa mbele kwa saa moja. Tulikuwa tumefika karibu na wakati tuliotoka. Kabla ya adhuhuri tajiri alikuwa amesimama mbele ya safu ya vikombe pamoja na wenyeji wetu, akivuta chai kwa kijiko kwa ule mvumo wa waonja chai, akitema, akisogea kikombe cha pili. Gisovu. Kitabi. Ni majina ambayo kila Mombasa inaponadi huinua vichwa vya wanunuzi. Walikubaliana mambo ambayo kwa simu yalikuwa yamekwama miezi. Alasiri tulikuwa tumerudi ndegeni.

Hapo, msomaji, ndipo nilipoelewa kwa nini watu hununua vitu hivi. Si ngozi ya viti. Ni kwamba mzee wa umri ule alikula asubuhi South C, akafanya kazi Kigali, na angelala kwake Mji wa Kale.

Tulipokuwa angani alimuuliza rubani kibla kiko wapi. Rubani alitazama vyombo vyake akaonyesha kwa mkono: kaskazini, ukiegemea mashariki kiasi. Mzee alisali safari, ameketi kitini, akazijumuisha sala zake. Makka na Mombasa ziko karibu kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo kadiri tulivyokaribia nyumbani ndivyo kibla kilivyonyooka kuelekea kaskazini. Sikuwahi kukifikiria kibla kuwa kitu kinachosogea.

Baada ya sala aliniita. "Sasa Dubai. Hii itatufikisha?"

Nilikuwa na hesabu tayari, nayo ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Kutoka Mombasa hadi Dubai ni kilomita karibu 3,680. Maskati ni hivyo hivyo. CJ3 na XLS, moja nyepesi, nyingine ya wastani, zote mbili uwezo wake uko pale pale, kati ya kilomita 3,400 na 3,900 kutegemea toleo, na hiyo ni kwa abiria wachache. Yaani kwa pesa zaidi na kwa lita 850 au zaidi kwa saa badala ya 600, XLS ilikuwa imetuuzia nafasi. Umbali haikutuuzia. Ukijaza viti, hujazi tangi. Ukijaza tangi, unaacha watu. Kwa Ghuba tungelazimika kutua njiani, tuseme Salalah, kilomita 2,830 kutoka kwetu, tujaze, tuendelee. Latitude pekee kwenye karatasi ile ndiyo ingekwenda moja kwa moja kwa raha.

"Na Ghuba tunakwenda mara ngapi kwa mwaka?" aliuliza.

"Ami, unajua mwenyewe. Ni mara chache. Bara ndiko tunakokwenda kila mara."

Akacheka kidogo, akatazama nje.

Tulishuka Mombasa jua likielekea kuzama, tukija kutoka kusini magharibi juu ya mikoko ya Dongo Kundu, pua tena kwenye kaskazi. Mlango ulipofunguliwa joto lilitupokea, na harufu ya chumvi. Fundi wa Wilson alikuwa na haki.

Ripoti yangu ilikuwa fupi. Watu wa kazi hiyo husema kwamba asiyeruka kama saa 200 kwa mwaka hana haja ya kumiliki, akodi. Saa zetu, nilipozijumlisha kutoka kwenye vitabu, hazikufika hata nusu yake. Nilipendekeza tukodi jeti nyepesi kwa Nairobi, Entebbe na Kigali tukiwa watu wanne watano, yenye marubani wawili hata pale sheria inaporidhika na mmoja. Tukiwa na wageni, wazee au kina mama wengi, tukodi ya wastani kwa ajili ya kimo, choo na nafasi ya kukaa kwa staha. Ghuba tukate tiketi za mashirika kama tulivyozoea. Na ikiwa siku moja saa zitatimia, basi tuanze kwa kuitazama PC-24, kwa sababu ya mlango wake na uwezo wake wa kutua kwenye viwanja vya changarawe karibu na mashamba, na iwe na makao Mombasa, chini ya paa, ikioshwa.

Tajiri aliisoma akiwa amesimama, akatia sahihi, akaagiza jeti nyepesi ikodiwe kwa safari ijayo ya Entebbe. Karatasi yenye majina matano aliichukua akaitia mfukoni.

Nawe uliye na kampuni hapa Mombasa, na moyo wako umeshapenda picha, nakuomba ufanye jambo moja kabla ya kuuliza bei. Andika majina ya watu wako wote na mizigo yao, mpelekee rubani, umuulize: ukitoka Wilson saa nane mchana na hawa wote, utabeba mafuta ya kufika wapi?